Mavuno ya Safu ya Mwisho

Barua ya dalali wa Nairobi ilifika Mbeya siku ya Jumanne, katika wiki ya pili ya Novemba mwaka 1957, saa nne za asubuhi. Tusajigwe aliifungua kwa kisu cha kukatia sabuni, akaisoma kimya kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, ili asikwamekwame kwenye Kiingereza mbele ya tajiri wake. Alipofika mstari wa nne akaurudia tangu mwanzo.

"Soma basi, Mama Asukile," alisema Kamrudin kutoka kwenye kiti chake nyuma ya kaunta. "Au dalali ameandika kwa Kichina?"

"Anasema hati zako za mkopo wa serikali zinaweza kuuzwa wiki hii, mzee."

"Vizuri. Kwa ngapi?"

Tusajigwe aliangalia tena. Tarakimu ilikuwa pale pale.

"Themanini na moja."

"Themanini na moja nini?"

"Shilingi themanini na moja kwa kila hati ya mia."

Kamrudin alicheka kidogo, akasema amesoma vibaya, asome tena. Alisoma tena. Safari ya tatu mzee hakucheka. Alinyoosha mkono wake wa kulia ukutani, akaugusa ubao uliotundikwa hapo, akaifuata kwa kidole ile kamba iliyopita juu ya misumari. Kamba ilipanda kutoka kushoto kwenda kulia, msumari baada ya msumari, mpaka karibu na ukingo wa juu. Aliifuata mara mbili.

"Na mlima huu," aliuliza, "ni wa nani?"

Ili mtu auelewe ubao ule, ni lazima kwanza amjue Tusajigwe. Alizaliwa Masoko, upande wa Tukuyu, akasoma katika shule ya misheni mpaka darasa la nane, jambo ambalo wasichana wengi wa rika lake hawakulipata. Kabla ya kuolewa alimsaidia bwana shamba kwa miaka miwili, akimwandikia majedwali ya kahawa ya wakulima: jina la mkulima, ukubwa wa shamba, mavuno kwa ekari. Mumewe alikuwa seremala. Alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Asukile, sanduku la vyombo vya useremala, na uwezo wa kuvitumia, maana alikuwa mume asiyeona aibu kumfundisha mkewe kupiga randa.

Kamrudin naye alikuwa Mwismailia aliyeuza chumvi, vibiriti, mafuta ya taa na majembe katika jengo lile lile la kupanga kwa miaka ishirini na miwili, akiishi nyuma yake na mkewe, Bibi Shamsha. Mwaka 1955 macho yake yalikufa, na daktari akamwambia wazi kuwa hayatarudi. Jambo lililomuuma zaidi kuliko yote, ukiacha uso wa mkewe, lilikuwa ukurasa wa bei za hisa katika gazeti. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alimpelekea magazeti ya London, yale ya karatasi nyembamba yanayokuja kwa ndege, kila alipokwisha kuyasoma. Kwa ukurasa huo Kamrudin aligawanya akiba yake: kiasi hiki kiwe hisa za kampuni ya mkonge, kiasi kile kiwe hati za mkopo wa serikali, na kinachobaki kikae benki. Mkonge ulipokuwa unapanda aliongeza mkonge. Ulipoanza kulegea alihamia kwenye hati. Kwa njia hiyo, kidogo kidogo, alikuwa akitafuta pesa za kulinunua jengo hilo.

Basi alimwajiri Tusajigwe amsomee. Wiki tatu za kwanza hazikwenda vizuri. Mzee alisikia tarakimu arobaini, akazisahau thelathini, akakasirika.

"Nambari ni mbeya tu, kazi yake umbea," alisema siku moja, "na mimi Mbeya moja inanitosha. Usiniletee nambari. Niletee mwendo."

"Mwendo, mzee?"

"Zinapanda au zinashuka, na kwa kasi gani. Nilipokuwa na macho nilikuwa nikichora mstari. Sasa nitachora wapi?"

Siku ya pili Tusajigwe alikuja na ubao wa mninga alioupiga randa mwenyewe, umetobolewa matundu kwa safu zilizonyooka kama mistari ya daftari. Kila wiki msumari mmoja. Bei ikipanda, tundu la juu. Ikishuka, tundu la chini. Kisha kamba inapitishwa juu ya misumari yote. Safu za juu zilikuwa za hati za serikali, za chini zilikuwa za mkonge. Kamrudin alipitisha vidole vyake humo, kisha akamwita mkewe kwa sauti kubwa, akamwambia, "Shamsha! Naona!"

Tangu hapo sifa za ubao zilienea. Wenye maduka walikuja kuutazama, wakaondoka wakitikisa vichwa. Tusajigwe aliuliza jambo moja tu mwanzoni: katika gazeti, aangalie safu ipi?

"Ya mwisho," alijibu Kamrudin bila kusita. "Bei ya hati iko safu ya mwisho kulia. Nimeisoma miaka kumi na tano."

Kuanzia Machi 1957, kamba ya hati za serikali ilipanda wiki kwa wiki, na kamba ya mkonge, ambayo bei yake ilitoka katika gazeti la hapa hapa nchini, ilishuka. Kamrudin aliuza hisa zake zote za mkonge. Akanunua hati mara mbili, mwezi wa nne na mwezi wa saba, mpaka akawa nazo mia mbili na arobaini. Stakabadhi ya mara ya pili ilionyesha bei ndogo kuliko ya kwanza, naye akafurahi mno. "Unaona dalali huyu? Soko linapanda, yeye anatupatia kwa bei ya chini! Mtu mwerevu sana." Tusajigwe alifurahi pamoja naye.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu kubwa. Mwenye jengo, Bwana Gulam wa Iringa, alikuwa ameandika mwezi wa tisa kwamba anauza. Bei ni shilingi elfu thelathini, taslimu, kabla ya mwaka kwisha. Nafasi ya kwanza ni ya Kamrudin kwa heshima ya miaka yao. Akishindwa, jengo litakwenda kwa Bibi Kumud, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, aliyekuwa akilitaka kwa ajili ya mafundi wake wa cherehani. Kamrudin alikuwa na elfu sita benki. Hati mia mbili na arobaini, hata kama kila moja ingeuzwa kwa mia tu, zingemaliza zilizobaki. Kwa themanini na moja alipungukiwa na zaidi ya elfu nne na mia tano. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, asiyeona, na kila ngazi na kila mlango wa jengo lile aliujua kwa nyayo zake. Mahali pengine angeanza upya kama mtoto anayetambaa.

Kufikia saa saba za mchana siku ile ya Jumanne, Kamrudin alikuwa na jibu lake: dalali ni mwizi. Alilisema kwa mkewe, akalisema kwa wateja, akalisema barazani kwa sauti kubwa hata mchungaji aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama kusikiliza.

"Hati zimepanda miezi minane, yeye anasema themanini na moja! Ameona mimi kipofu, akasema ngoja nimle. Mama Asukile, kesho tunaandika kwa polisi wa Nairobi. Tafuta magazeti yote, tuyaambatanishe."

Kazi hiyo ya kutafuta magazeti ndiyo iliyomfumbua Tusajigwe macho, na tangu siku ile hakuweza tena kulitazama gazeti kwa amani.

Magazeti ya zamani dukani hayakai. Hufungiwa sukari, misumari na dagaa, yakaenda zake vijijini. Asubuhi ya Jumatano alipata ya Oktoba na Novemba tu chini ya kaunta, na moja la Agosti. Kisha Bibi Shamsha akakumbuka kuwa alitandika karatasi kwenye rafu ya viungo. Wakaondoa makopo ya bizari na iliki, na chini yake palikuwa na ukurasa wa Februari, wa manjano na wenye harufu ya mdalasini, wenye bei za hati.

Tusajigwe aliulaza kando ya ule wa Novemba. Katika ukurasa wa Februari, safu ya mwisho ilisema tisini na nne. Katika ukurasa wa Novemba, safu ya mwisho ilisema pauni nne na shilingi kumi na nane. Alidhani ametazama mstari mwingine. Akaweka rula. Mstari ulikuwa ule ule, hati zile zile. Ndipo alipotazama vichwa vya safu. Wenye gazeti walikuwa wamepanga ukurasa wao upya. Bei ilikuwa imehamishwa mbele, karibu na jina, na mahali pake pa mwisho pamewekwa kitu kingine. Juu ya safu hiyo paliandikwa neno moja la Kiingereza ambalo Tusajigwe alilijua vizuri kuliko maneno mengi, kwa kuwa alikuwa ameliandika kwa miaka miwili katika majedwali ya bwana shamba: yield, yaani mavuno.

Alikuwa ameliona neno hilo mwezi wa tatu, lilipotokea mara ya kwanza. Hata alikumbuka jinsi moyo wake ulivyolipokea, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Tarakimu zilipogeuka ghafla kuwa ndogo, alidhani gazeti limebadili tu namna ya kuandika bei, na kwa kuwa mzee alitaka mwendo peke yake, hakumwambia. Mavuno yakipanda, nani atauliza?

"Juba!" alisema, akimwita mama yake kwa Kinyakyusa, naye mama yake alikuwa amezikwa Masoko miaka tisa iliyopita.

"Nini?" aliuliza Bibi Shamsha.

Tusajigwe alitaka kwanza awe na hakika, kwa hiyo alilifikiria jambo lile kwa njia aliyoizoea. Fikiria shamba la kahawa, alijiambia, linalozaa magunia manne kila mwaka, hayaongezeki wala hayapungui. Aliyelinunua kwa shilingi mia amepata magunia manne kwa mia yake. Lakini ikiwa bei ya mashamba imeanguka, na mwingine akalinunua kwa themanini, huyo wa pili anapata magunia manne yale yale kwa themanini. Ukimhesabia kwa mia, anapata matano. Mavuno yamepanda kwa nani? Kwa anayenunua sasa. Shamba lenyewe halikuongeza hata punje moja, na yule wa kwanza amebaki na mali iliyoshuka. Hati ya serikali ni shamba la namna hiyo. Kila safari mavuno yalipopanda tundu moja, bei ilikuwa imeteremka. Kwa miezi minane alikuwa amemjengea mzee mlima mahali palipokuwa na bonde.

Alikwenda dukani akasimama mbele ya kiti cha Kamrudin. Mzee alikuwa tayari anatunga barua ya polisi kwa sauti.

"Mzee, dalali si mwizi."

"Nani basi?"

"Ni mimi."

Alimweleza yote, polepole, bila kujitetea. Kamrudin alisikiliza mdomo ukiwa wazi. Katikati ya maelezo mteja mmoja aliingia akaomba kiberiti. Hakuna aliyemjibu, akatoka.

"Zote mbili zilikuwa zinashuka," alisema Kamrudin hatimaye. "Mkonge na hati. Nimetoka kwenye nyumba inayovuja nikahamia kwenye nyumba inayovuja."

"Ndiyo, mzee."

"Na nimemwita mtu mwizi mbele ya mchungaji!"

"Wewe ndiye uliyemwambia safu ya mwisho," alisema Bibi Shamsha kutoka mlangoni. "Nilikuwepo. Ukapiga na kaunta."

Kamrudin hakubisha. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama hati zile hazitarudi mia. Tusajigwe alimjibu kuwa zitarudi. Serikali imeahidi kumlipa kila mwenye hati shilingi mia kamili, mwaka 1972.

"Elfu moja mia tisa sabini na mbili," alirudia mzee. "Nitakuwa na miaka themanini na mitatu. Vizuri sana. Mwambie Gulam anisubiri."

Ilikuwa dhihaka, lakini kufikia jioni ikawa shauri. Angekwenda Iringa mwenyewe kumwomba Gulam miezi sita zaidi. Jumatatu iliyofuata walipanda basi alfajiri, yeye na Tusajigwe, na siku nzima, kutoka Chimala mpaka Makambako na kuendelea, mzee alisema maneno ambayo yangeweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Bwana Gulam aliwapokea asubuhi ya pili, katika nyumba yake iliyo karibu na soko la Iringa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya manyoya hata ndani ya nyumba, kwa ajili ya baridi. Alimkumbatia Kamrudin, akaagiza chai, akamtazama Tusajigwe kwa heshima iliyomshangaza.

"Huyu ndiye Mama wa ubao? Karibu sana, mama. Hapa Iringa tunakusikia. Kamrudin ananiandikia habari zako kila mwezi."

Tusajigwe hakujua. Barua hizo Bibi Shamsha aliziandika kwa Kigujarati.

"Gulam," alianza Kamrudin, "nimekuja kwa habari ya jengo. Nataka kukuomba—"

"Ngoja, ngoja. Kwanza mimi nikuombe. Unajua kwa nini nauza?"

"Hukusema."

"Sikusema kwa sababu ungenicheka! Nauza kwa sababu yako. Kila barua: hati zimepanda, hati zimepanda tena. Mimi mwenye macho mawili nimekaa na matofali Mbeya, na wewe usiyeona unatajirika! Nikasema basi, nauza jengo, nanunua hati za serikali." Alisogeza kiti. "Sasa sikiliza. Kwa nini tusumbuke na dalali na ada zake? Wewe unazo mia mbili na arobaini. Nipe hizo kwa mia mia, uongeze elfu sita zako, na jengo ni lako leo hii. Najua zimekwisha kupita mia. Nifanyie kwa udugu."

Tusajigwe alipiga hesabu kichwani. Elfu ishirini na nne kwa hati, elfu sita taslimu: elfu thelathini kamili. Milango yote, ngazi zote, kuta zote ambazo mzee alizijua kwa vidole vyake, vingekuwa mali yake kabla chai haijapoa. Hakuna uongo uliohitajika. Ilitosha watu wawili kunyamaza.

Alimtazama Kamrudin. Mzee alikuwa amekaa wima, mikono juu ya fimbo yake. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Kimya chake kilizidi kurefuka, na Tusajigwe akaelewa kwa mshtuko kwamba kilikuwa kinaelekea kwake.

Gulam naye alikielewa vingine. "Ah, unaona ni bei ndogo! Haya, tumuulize mwenyewe. Mama, wewe ndiye msomaji. Niambie: zinapanda au hazipandi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, fupi, la kweli kabisa: mavuno yanapanda, Bwana. Angeweza kulitamka mbele ya msalaba. Alilisikia lilivyo tamu, na utamu huo ndio uliomtisha, kwa sababu ulikuwa ule ule wa mwezi wa tatu.

"Zimeshuka, Bwana Gulam," alisema. "Tangu Februari zimeshuka kutoka tisini na nne mpaka themanini na moja. Kilichopanda ni mavuno, na mavuno yanapanda bei inapoanguka. Nilisoma safu isiyo yake. Ukitoa mia leo, umepoteza kumi na tisa kabla hujasimama."

Kikombe cha Gulam kilibaki hewani. Alimtazama Tusajigwe, akamtazama Kamrudin, akarudi kwa Tusajigwe.

"Barua zote zile?"

"Zote, Bwana."

"Na mimi nilikuwa nauza jengo langu!" Sauti yake ilipanda, kisha ikakatika. Aliweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye sahani, wala hakuiangalia. "Jengo la mawe! La baba yangu! Kwa karatasi zinazoanguka!" Alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. "Hapana. Hapana kabisa. Siuzi. Siuzi kwako, siuzi kwa Kumud, siuzi kwa mtu yeyote. Nitamwandikia leo. Kamrudin, kaa humo humo, lipa kodi yako kama zamani, na tusiongee tena habari ya hati mpaka nife."

Kope za Kamrudin zilianza kupepesa kwa haraka.

"Huuzi?" aliuliza.

"Umekuwa kiziwi pia?"

Walipotoka, mzee aliweka mkono wake juu ya bega la Tusajigwe, kama kawaida yao katika njia asizozijua. Walitembea hatua kadhaa kuelekea kituo cha mabasi.

"Mama Asukile."

"Naam, mzee."

"Pale ndani nilikuachia mzigo wangu."

"Niliona."

"Ungenyamaza, ningenyamaza na mimi." Alimeza mate. "Ningemla Gulam. Tumesoma madrasa moja. Nimekaa pale, nimesikia moyo wangu ukisema, ngoja huyu mwanamke aseme yeye. Sikujua kama mimi ni mtu wa namna hiyo."

Tusajigwe alitafuta neno la kumpoza, asilipate, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alimwambia tu mbele kuna mtaro, avuke kwa mguu wa kushoto. Kamrudin alivuka, kisha akasimama ng'ambo ya pili, amelishika kwa nguvu bega la Tusajigwe, na kwa aibu hakutaka kuendelea.